Nyumba ya Mwamba Unaopumua

Siku Bi Zuleikha binti Jabir alipotoka eda, mdogo wake Sleyum alivuka kutoka kisiwani Chole na mashua mbili: moja ya kumpakia yeye, moja ya kupakia masanduku yake. Alikuwa amekwisha kumtengea chumba nyumbani kwake, chumba kizuri chenye kitanda cha samadari na mapazia. Mashua zote mbili zilirudi tupu.

"Siji," Zuleikha alimwambia. "Nataka kujenga."

"Kujenga nini?"

"Nyumba, Sleyum. Watu hujenga nini?"

Wakati huo Wadachi walikuwa wameishika Mafia kwa miaka ishirini hivi, na vita vya Maji Maji kule bara vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma. Zuleikha alikuwa na miaka arobaini na miwili. Ishirini na minne kati ya hiyo aliikaa katika nyumba ya mumewe, nyumba ya mawe yenye kuta nene na vyumba virefu vyembamba, ambamo hakuwahi kuamua hata msumari mmoja upigwe wapi. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Ila nyumba ile ilijengwa na babu yake, na kila kitu kilikuwa na mahali pake tangu kabla Zuleikha hajazaliwa. Sasa ilikuwa imekwenda kwa warithi wengine. Yeye alibaki na fungu lake alilorithi kwa baba: shamba la minazi upande wa Kiegeani, linaloteremka mpaka Ghuba ya Chole, na katikati ya shamba hilo kilima cha mawe ambacho hakuna aliyewahi kukitafutia kazi.

Sleyum alinuna siku tatu, kisha akaja na fikira mpya. Kama ni kujenga, basi na ijengwe nyumba ya kisasa. Alisafiri mpaka Darisalama kwa shughuli zake za nazi, na aliporudi alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa ndani ya bomba la bati. Mchoraji mmoja wa huko alikuwa amemchorea ramani: nyumba ya mraba, ghorofa moja juu, ngazi pana mbele, madirisha kumi na mawili ya vioo, paa la mabati.

"Mabati nimekwisha kuagiza," alisema. "Tutasawazisha kilima, tutakata miti, nyumba itaonekana kutoka Chole."

Fundi aliyeitwa kuitazama ramani ni Mfaume bin Shaabani, mwashi wa Kiegeani, mtu mfupi mwenye vidole vilivyochubuliwa na chokaa. Alikuwa amejenga nyumba tisa za mawe na msikiti mmoja, na hakuwahi kujenga hata moja kwa karatasi. Aliitandaza juu ya mkeka, akaizungukia upande huu, akaizungukia upande ule, akainama mpaka pua ikakaribia wino.

"Naona kuta," alisema mwishowe. "Bali vyumba hivi ni vipana mno. Boriti zetu za mikoko hazizidi dhiraa sita. Nikipanua chumba zaidi ya hapo, nitalaza nini juu yake?"

Zuleikha alishtuka. "Ati vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya boriti?"

"Kwa sababu gani nyingine, Bibi?"

Miaka ishirini na minne alikuwa amedhani ni desturi, au dini, au ubahili wa babu yake mumewe. Kumbe ni urefu wa mti. Jambo lile lilimfurahisha kupita kiasi, akawa hana haja tena ya kutazama ramani bali kuuliza maswali. Mbona kuta ni nene hivi? Mbona dirisha la huku ni dogo na la kule ni kubwa? Mfaume alijibu moja baada ya jingine, kwanza kwa heshima, halafu kwa raha, kwani hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumwuliza. Mwisho Zuleikha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Na jua, fundi? Humu jua linatokea wapi?"

Mfaume aliitafuta ile ramani pembe zote nne. "Humu hamna jua," alisema.

*

Asubuhi ya pili Zuleikha alipanda kilimani peke yake. Alitaka kujua jua linatokea wapi. Kilima chenyewe hakikuwa kirefu, labda kimo cha mnazi mchanga, lakini kilikuwa cha mwamba mtupu wa matumbawe ya kale, wenye ncha na vishimo, na mkwaju mmoja uliokita mizizi katika ufa. Alivua kanga ya juu, akaikunja, akaiweka karibu na ufa apate kukalia. Kabla hajakaa, pindo la kanga likajivuta. Likaingia ufani polepole, kama mtu aliye ndani analivuta kwa ncha za vidole.

Hapakuwa na upepo. Majani ya mkwaju yalikuwa yametulia tuli.

Zuleikha aliinyakua kanga yake, akasoma kila aya aliyoikumbuka, akateremka mbio. Alipofika chini alisimama. Alikuwa na hofu, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachomtekenya. Alasiri akarudi. Safari hii alichukua jani kavu la mgomba, akalichana uzi mmoja, akaushika juu ya ufa. Uzi ukapepea juu. Hewa ilikuwa inatoka, hewa baridi yenye harufu ya jiwe lililoloa.

Basi akawa mtu wa kilimani. Siku tano alipanda asubuhi na alasiri na uzi wake. Siku ya tano, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita njia ya pwani na fimbo yake ya chuma begani na pweza wawili mkononi alimwona ameinamia jiwe, akasimama.

"Shikamoo, Bibi. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Sijapoteza. Njoo utazame."

Aliitwa Somoe. Alikuwa mvuvi wa pweza, mwembamba, mweusi kwa jua, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema dhidi ya mawimbi. Alitia mkono ufani, akautoa, akatazama ghubani.

"Asubuhi hii ilikuwa inavuta, siyo?"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu asubuhi maji yalikuwa yanakupwa. Sasa yanajaa, naye anatoa." Somoe alicheka. "Bibi, hapa chini pana maji. Bahari ikipanda, maji yanapanda humo ndani, hewa haina pa kukaa inatoka. Bahari ikishuka, anavuta tena. Huyu mwamba wako anapumua."

"Kutoka hapa mpaka pwani ni mwendo, Somoe. Maji yanafikaje?"

Somoe alifikiri. "Hilo sijui," alisema, na Zuleikha akampenda hapo hapo kwa kusema hajui.

*

Sleyum hakutaka kusikia habari za hewa. Watu wameshaajiriwa, kazi ianze. Mfaume alipima mraba wa ramani kwa kamba na vigingi juu ya kilima, na vijana sita wakaanza kuchimba msingi kwa mitaimbo. Siku ya pili, kijana mmoja, Hemedi, aliinua mtaimbo na kuupiga kwa nguvu zake zote, na ardhi ikampokea. Mtaimbo ulipotea. Mguu wake wa kulia ulifuata mpaka pajani. Chini yake wakasikia, baada ya kitambo, mtaimbo ukitumbukia majini.

Walimvuta akatoka. Mguu ulichubuka kuanzia kifundo mpaka gotini, damu ikitiririka, lakini mfupa ulikuwa mzima. Hemedi hakulia, alikuwa ametoa macho tu.

"Kuna kitu kimenipulizia," alisema.

Adhuhuri haijafika, hapakubaki mfanyakazi hata mmoja kilimani. Mfaume mwenyewe alikusanya timazi yake na mwiko wake akavitia kikapuni.

"Bibi, mimi siogopi mashetani," alisema, ingawa alikuwa akitazama pembeni. "Naogopa shimo tupu. Kijana kaanguka mahali ambapo ramani inataka ukuta wa ghorofa. Ukuta ule ungesimama mwaka, ungesimama miwili, halafu siku moja ungekwenda chini pamoja na wewe kitandani. Nyumba hii haijengeki."

"Shimo ni kubwa kiasi gani, fundi?"

"Nani ajuaye?"

"Hiyo ndiyo sababu nauliza. Kama hatujui ni kubwa kiasi gani, tunajuaje kwamba haijengeki?"

Mfaume alikaa juu ya kikapu chake.

Aliyetoa njia ni Somoe. Alisema atashuka. Ufa wa penye mkwaju ulikuwa unampitisha mtu mwembamba, na yeye tangu utotoni alikuwa akitia mwili wake katika mapango ya miamba kutafuta pweza. Zuleikha alikataa. Somoe akamwambia, "Bibi, wewe umeanza kuuliza, mimi sasa silali. Nataka kujua njia ya hayo maji." Basi wakangoja bamvua, siku zile ambazo bahari hupwa sana asubuhi kati ya saa nne na saa tano, ili maji ya chini yawe yamepungua kuliko siku zote.

Siku hiyo Somoe alifungwa kamba kiunoni, akapewa kandili na jiwe la ukubwa wa ngumi. Mfaume alizungushia kamba shina la mkwaju, akaishika. Hemedi alikuja akichechemea, mguu umefungwa kitambaa. Alisema amekuja kukiona kilichomng'ata. Akashika kamba nyuma ya Mfaume.

Somoe aliteremka kidogo kidogo mpaka kichwa kikapotea. Sauti yake ikapanda kama imetoka ndani ya mtungi.

"Ni pakubwa! Ni kama chungu kilichofunikwa! Maji yananifika magotini!" Wakasikia maji yakichotwa. "Juu si ya chumvi, Bibi! Nimeonja! Nikizamisha mkono, ya chini ni chumvi!"

"Ukingo wake uko wapi?" Mfaume aliita.

"Nitakuonyeshaje wakati wewe uko huko?"

Hapo ndipo Zuleikha alipopata akili. Aliinama juu ya ufa. "Somoe! Gonga dari kwa jiwe! Gonga kila hatua moja, tutakusikia!"

Kisha binti Jabir, ambaye baba yake alikuwa hampi ruhusa hata ya kukaa barazani, alilala kifudifudi juu ya mwamba akaweka sikio. Alisikia. Ngo, ngo, ngo: wazi, karibu kabisa, kama mtu anayebisha mlango. Hapo dari ilikuwa nyembamba. Akachovya kidole katika kopo la chokaa la Mfaume akatia alama. Mlio ulisogea kulia, naye akasogea kwa viwiko. Mahali pengine ulififia, ukawa kama unatoka ng'ambo ya ghuba. Hapo mwamba ulikuwa mnene, na akatia alama ya msalaba. Mfaume alipoona anavyofanya, alimwachia Hemedi kamba, naye akalala upande wa pili na sikio lake.

Hivyo ndivyo Sleyum alivyowakuta. Alikuwa amevuka kwa hasira kuja kuuliza kwa nini kazi imesimama, na aliona dada yake mkubwa amelala chini mbele ya watu, kanga imejaa vumbi na shavu lote jeupe kwa chokaa.

"Dada! Umepatwa na nini?"

"Nyamaza," Zuleikha alisema bila kuinua kichwa. "Lala hapa. Weka sikio."

Labda ni ile sauti, ambayo Sleyum hakuisikia tangu akiwa mtoto na dada yake akimfundisha kusoma. Alipiga magoti ndani ya kanzu yake nyeupe, akaegemeza sikio. Chini ya mwamba mtu akabisha mara tatu.

Uso wake ulibadilika. "Ni nani huyo?"

"Somoe. Anatuchorea ramani."

Walikuwa wamefika mbali katika alama zao wakati uzi wa mgomba, ambao Zuleikha aliufunga kwenye tawi dogo karibu na ufa, ulipoacha kuinama na kuanza kupepea juu. Hemedi ndiye aliyeuona. "Inatoka," alisema. "Bibi, inatoka!" Maji yalikuwa yamegeuka. Zuleikha alimwita Somoe apande. Hakujibu. Aliita tena. Milio ilikuwa imekoma, na kamba imelegea.

Zuleikha ndiye aliyeanza habari hii yote, kwa uzi mmoja wa mgomba. Mfaume na Hemedi walivuta kamba kwa pamoja. Ikakaza, ikakwama, haikwenda. Sleyum alivua kanzu, akabaki na kikoi, akaishika kamba naye. Walipokaribia kukata tamaa, kamba ikalegea yenyewe, na sauti ikatoka ufani, imeudhika.

"Msinivute! Mnanibana jiweni! Nilikuwa nimeingia upenyo mwingine."

Alitoka amelowa mpaka kifuani, kandili imezimika, kiwiko kinavuja damu, anatetemeka kwa baridi na kucheka. Zuleikha alimfunika kanga yake mwenyewe na kumkumbatia mpaka kutetemeka kukatulia.

"Nimeiona njia ya maji," Somoe alisema. "Ni nyembamba kama mkono. Ndiyo maana yanachelewa. Bahari imegeuka muda mrefu, humu ndiyo kwanza yanaanza kupanda."

*

Wakasimama wote watano, wakatazama chini. Alama za chokaa zilikuwa zimetawanyika juu ya kilima, na misalaba ya mwamba mnene ilikuwa imejipanga. Haikuwa mraba. Ilianza penye mkwaju, ikapinda kufuata mgongo wa kilima, ikazunguka shimo kama mkono wa mtu aliyekumbatia sinia, ikaishia upande unaotazama ghuba.

Mfaume alitembea juu ya misalaba ile, hatua kwa hatua, akipiga kisigino. Alirudi akatembea tena.

"Hapa panabeba ukuta," alisema kwa sauti ya chini. "Na hapa. Na hapa. Pote hapa panabeba."

"Nyumba iliyopinda?" Sleyum aliuliza. "Watu wa Chole watasema dada yangu kajenga pembeni mwa shimo, nyumba yenyewe imepinda kama kamba ya ng'ombe."

"Watasema," Zuleikha alikubali. "Na wewe utasema nini?"

Sleyum alijikung'uta magoti. Alitazama ufa, akatazama bomba la bati lenye ramani yake. "Mimi nitasema mabati yangu yatakwenda wapi," alijibu, na kutokana na jinsi alivyosema, dada yake alijua kwamba swali lake ni swali la kweli, si la ugomvi.

Wakajadili mabati siku mbili. Mfaume hakuyapenda, alisema ni tanuri mchana na ngoma wakati wa mvua. Zuleikha ndiye aliyeuliza maji ya mvua huenda wapi juu ya bati, na Sleyum akaeleza kwamba huko Darisalama aliona mifereji ya bati inayoyakusanya yote, tone kwa tone, mpaka kwenye birika. Kilimani hapakuwa na kisima. Basi ikaamuliwa: upande wa jikoni na ghala uezekwe mabati, na chini yake lijengwe birika la mawe na chokaa, upande wa kulala uezekwe makuti. Vioo vikatiwa madirisha ya kusini tu, kwa sababu kusi huja na mvua ya ubavu, nawe unataka kufunga na bado uone ghuba. Upande wa kaskazi Zuleikha hakutaka kioo hata kimoja, alitaka upepo.

Na chumba kipana? Hilo lilimtesa Mfaume kwa wiki nzima. Mwisho alikuja asubuhi moja akiwa na vijiti vya muhogo mfukoni, akavipanga juu ya mkeka. Tao la mawe lipite katikati ya ukumbi, alisema; boriti za huku ziegemee tao, na za kule ziegemee tao lilo hilo. Dhiraa sita na dhiraa sita. Tao la kibla cha msikiti alikuwa amelijenga kwa mikono yake, na miaka yote hakufikiri kwamba mtu angeweza kulitia nyumbani.

"Umelijuaje leo?" Zuleikha aliuliza.

"Uliniuliza mara nyingi mno," fundi akasema.

Kabla ya kazi kuanza tena, Mfaume alimwomba khatibu wa Kiegeani aje asome Yasini kilimani, na wafanyakazi wakala wali wa nazi na kuku. Hemedi aliwasimulia habari ya maji na hewa mara tatu, kila mara kwa maneno mengi zaidi, akiwaonyesha mguu wake. Wakarudi wote sita, na mitaimbo. Kilima hakikusawazishwa. Mwamba ulipopanda, sakafu ilipanda nao kwa ngazi mbili au tatu, uliposhuka, ilishuka. Mawe ya kuta yalichimbwa mahali pa birika, hivyo shimo moja likafanya kazi mbili. Mkwaju ulibaki uani, ukuta ukarudi nyuma kuupisha. Na ufa wenyewe ukaachwa mwisho wa ukumbi, ukiwa umezungushiwa kizingiti cha mawe.

Nyumba ilichukua mwaka na miezi minne. Wiki ya kwanza Zuleikha alipohamia, katika joto la kaskazi, alikaa ukumbini alasiri, mwamba ukitoa pumzi yake, na wageni waliofika wakitweta kwa jua walisimama mlangoni, wakauliza ubaridi huu unatoka wapi.

Si yote yaliyokwenda sawa. Bamvua kubwa ya kwanza ilileta unyevu mwingi kiasi kwamba lipu ya ukuta wa karibu ilivimba ikaanguka vipande vipande, na ukumbi mzima ukanuka kama kapu la chaza. Mfaume alikuja akatazama, akajishika kiuno.

"Tumefikiria hewa," alisema. "Hatukufikiria kwamba pumzi ina maji."

Akatengeneza kifuniko cha mbao ya mvule chenye matundu, kinachozunguka juu ya kizingiti, ukitaka kinapumua, hutaki kinanyamaza. Ukuta ule uliachwa bila lipu, jiwe tupu, na huo ndio alioupenda Zuleikha kuliko zote. Naye alijifunza tabia ya nyumba yake. Siku za bamvua baridi huja alasiri. Siku za maji mafu, bahari inapopanda na kupwa kidogo tu, huja asubuhi, na alasiri mwamba huvuta, hewa ya baraza ikapita ukumbini kwenda shimoni. Somoe alipokuwa akirudi na pweza wake aliingia bila hodi ndefu, wakalinganisha: bahari imegeuka saa ngapi, mwamba umegeuka saa ngapi. Kuna siku haikulingana hata kidogo, hasa baada ya mvua za masika, na walibishana, mpaka chai ikapoa, iwapo ni maji ya mvua yanayoziba njia au ni kitu kingine wasichokijua.

Sleyum aliwaleta watu wa Chole kuiona nyumba. Alikuwa akiwalaza chini mmoja mmoja, waweke sikio.

Mwaka uliofuata Mfaume alifika na habari. Mzee mmoja wa Baleni, mwenye shamba kubwa la minazi na mihogo, Mbaraka jina lake, alikuwa amemwita amjengee.

"Anataka nyumba kama yako, Bibi. Vivyo hivyo, iliyopinda, na shimo ukumbini."

"Baleni kuna mwamba?"

"Mchanga mtupu! Nikamwambia, bwana, huna shimo. Akaniambia, tutachimba."

Walicheka mpaka Zuleikha akajifuta machozi. Kisha Mfaume akatulia, akaanza kuzungusha kofia yake mikononi. Alikuwa fundi mzima, alisema, wa nyumba kumi za mawe na msikiti, lakini juzi alisimama juu ya ule mchanga wa Baleni na hakujua aanzie wapi, kwa sababu alitazama ardhi na hakuna aliyekuwa akimwuliza kitu.

Kesho yake waliondoka alfajiri baada ya sala, Zuleikha juu ya punda, Somoe na Mfaume kwa miguu, wakafika Baleni jua limepanda. Mzee Mbaraka aliwapokea kwa madafu na heshima nyingi, akawapeleka kwenye mteremko wake wa mchanga, ambako alikuwa amekwisha kupiga vigingi mahali pa kuchimba shimo. Alianza kueleza. Bi Zuleikha aliteremka kwenye punda, akavua makubadhi yake, akasimama pekupeku juu ya mchanga kwa muda, akitazama jinsi minazi ya upande mmoja ilivyoinama na ya upande wa pili ilivyosimama wima.

"Samahani, mzee wangu," alisema. "Hebu niambie. Mvua kubwa ikinyesha hapa, maji hupita wapi?"